Dirisha la Mziwanda

Mlioniacha wiki iliyopita kwenye benchi la ofisi ya mipango miji, bado niko hapohapo, na makalio yamekufa ganzi. Benchi lenyewe lina mguu mmoja mfupi. Ukijigeuza kidogo tu, unamrusha jirani yako.

Kwa aliyepitwa, nasema kwa ufupi. Nilitoa madirisha ya mbao ya nyumba yetu ya zamani nikaweka ya aluminiamu. Mama yangu kifua kinambana, na mbao zilikuwa zimeoza, vumbi la barabarani linaingia kama mwenye nyumba. Kumbe mtaa wetu ni wa majengo yanayolindwa, na upande unaotazama barabara haubadilishwi bila kibali. Fundi wa aluminiamu aliniambia, "Kibali cha nini, dada? Hili dirisha tu, hujengi ghorofa." Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini.

Hilo ni dogo. Kubwa ni mdogo wangu wa mwisho, tunayemwita Mziwanda.

Baba alimfukuza akala kiapo mbele yetu sote: "Maadamu niko hai, mlango huu hupiti." Na Mziwanda kwa ukaidi wake wote alikuwa mtii. Mlango hakuupita. Alikuwa anakuja dirishani kwa mama, anakwaruza ubao kwa kucha, mama anafungua, anampa chakula na shati lililopigwa pasi, wananong'ona. Baba alikuwa anajua. Akisikia ukucha kwenye ubao alikuwa anaongeza sauti ya redio, ili aweze kusema hajasikia.

Kisha Mziwanda akaenda mbali na hatukumwona tena. Baba akafariki, tukakosa pa kumpelekea habari. Mama miguu ikamgoma, akahamishia kiti chake dirishani, na tangu hapo ana ombi moja tu: amwone Mziwanda kabla hajafumba macho. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Kama kuna jambo mama analitaka, msilicheleweshe." Maneno hayo natembea nayo.

Sasa tuendelee.

"Mshonaji," karani aliita kutoka mlangoni. "Yule wa madirisha."

Nikanyanyuka. Mwenzangu wa benchi akaserereka hadi upande wangu. Nikamwomba radhi nikaingia.

Ndani kulikuwa na meza ndefu na feni inayolia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Kulia kwake amekaa mzee msanifu majengo, penseli sikioni. Kushoto amekaa Bwana Mipango.

Huyu Bwana Mipango mnamjua. Ndiye ofisa aliyekuja mtaani kwetu na pikipiki na kamera, nikatoka nikampa vidonge vyake mpaka mtaa mzima ukasimama kusikiliza. Mimi ulimi wangu hauna breki, na siku hiyo sikuutafutia. Hata baada ya yeye kuondoka bado nilikuwa nawaka. Nikaona alama za vidole vya mtoto kwenye kioo kipya, upande wa nje. Nikapanda kigoda, nikafuta kwa sabuni, kisha nikaenda kumvaa jirani yangu Mama Pacha kwamba wanawe wananichafulia vioo. Akaniambia wanawe wako shuleni. Nikamwambia hana haya.

Basi ndiye yuleyule, sasa amekaa mezani, ananitazama kwa upole ulionikera zaidi.

"Mama, karibu ukae," mwenyekiti alisema. "Unajua kosa lako?"

"Kuziba vumbi," nikajibu.

Msanifu akakohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

"Kuziba vumbi si kosa. Ubao ukioza, unatia ubao. Kioo kikivunjika, unatia kioo. Kwa hilo huhitaji hata kuja kwetu. Ukitaka kubadilisha aina ya dirisha, hapo ndipo unapoomba kibali. Madirisha ya uani fanya utakavyo, hatuyaangalii. Ni hayo ya mbele tu."

"Chumba cha mama ni cha mbele."

"Tunajua. Ungekuja, tungekwambia uache mbao zako zilivyo, na kwa ndani uongeze kioo cha pili. Inaruhusiwa. Vumbi lingebaki nje, na nyumba ingebaki na sura yake."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kioo cha ndani. Hasira zote nilizokuja nazo zikakosa pa kukaa, nikabaki naangalia mikono yangu.

"Mbao za zamani ziko wapi?" msanifu aliuliza. "Umezichoma?"

"Zipo uani. Nimezilaza juu ya mapipa, ndiyo meza yangu ya kukatia sare za shule."

"Hazijapigwa msumari?"

"Zimepigwa pasi tu."

Safari hii mwenyekiti naye alicheka kidogo. Wakainamiana, wakanong'ona. Mama alikuwa analala vizuri tangu aluminiamu iingie. Kikohozi kilipungua. Nilikuja pale kuzitetea pumzi za mama yangu, si urembo wa mtaa.

Mwenyekiti akavaa miwani.

"Kamati imesoma maelezo ya daktari wa mama yako. Tunakuruhusu uyaache madirisha haya kwa muda wote mama atakaokuwa anaumwa. Baadaye utarudisha mbao. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilikuwa nimeshinda. Nikataka kusema asante, machozi yakatangulia.

"Tuweke picha kwenye kumbukumbu, tufunge," mwenyekiti akamwambia Bwana Mipango.

Bwana Mipango akawasha projekta. Nyumba yetu ikatokea ukutani, kubwa, na ule mlango wa kijani alioupaka baba kwa mkono wake. Madirisha yangu mapya yakimetameta. Mbele kidogo pikipiki yake imesimama, imeficha nusu ya chini ya ukuta.

Na nyuma ya pikipiki, chini ya dirisha la mama, amesimama mtu.

Amempa mpiga picha mgongo. Anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, na bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia.

Bega hilo lilivunjika akiwa mdogo, alipoanguka kutoka dirisha hilohilo. Halikuunga vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa namvisha shati.

"Huyo nani?" niliuliza.

"Mpita njia," Bwana Mipango alisema. "Samahani, niliharakisha, sikumwomba apishe."

Nikasogea ukutani. Mtu yule ameweka kiganja kwenye kioo. Na nyuma ya kioo, kwa ndani, kiganja kingine kimekifuata cha kwake, cheupe kwa kubanwa.

Kiganja cha mama.

Hapo ndipo siku ile iliponirudia yote. Nilikuwa chumba cha nyuma, cherehani inanguruma, nashona kola. Nikamsikia mama anagonga. Nilipofika alikuwa anapiga kioo kwa kiganja, jasho linamtoka, anasema, "Fungua, amekuja. Mziwanda amekuja." Dirisha lile lina ufunguo. Nililifunga mwenyewe kwa ajili ya vumbi, na ufunguo nilikuwa nao shingoni pamoja na futi yangu ya kupimia. Nikachungulia nje. Sikumwona Mziwanda. Nilimwona ofisa na kamera.

Nikamwambia mama, "Ni homa hiyo." Nikampa dawa akanywa. Kisha nikatoka nje kugombana.

"Mama?" mwenyekiti aliita. "Unajisikia vibaya?"

"Yatoeni," nikasema.

"Tutoe nini?"

"Madirisha. Sitaki ruhusa. Yatoeni leo."

Mwenyekiti akamtazama msanifu. "Lakini tumeshakukubalia."

"Nimesikia. Mimi ndiye ninayekataa."

Msanifu akachukua penseli kutoka sikioni, akaiweka mezani polepole. Katika kazi yake nadhani hajawahi kuona mshtakiwa anaomba adhabu.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka ngazi, na Bwana Mipango ananifuata huku ameshika kofia yake ya pikipiki.

"Yule ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Mama anamsubiri yeye tu." Nikakaa kwenye ngazi. "Uliongea naye?"

"Hapana." Akakaa ngazi ya chini yangu. "Nilipiga picha, nikainama kujaza fomu yote ya nyumba. Nilipoinuka alikuwa ameshaacha dirisha, anaelekea kona. Mara ukatoka wewe."

"Nikatoka mimi."

"Ulinishika kamera, sikupata nafasi ya kuangalia huku wala kule."

"Yeye alikuwa wapi wakati nakutukana?"

Bwana Mipango akaanza kuchezea mkanda wa kofia. Mtu akichezea kitu namna hiyo ujue lipo neno hataki kulitoa.

"Sema tu," nikamwambia.

"Alikuwa pale kona. Nilimwona juu ya bega lako. Alikuwa amenipa mgongo, amekumbatia kitu kama furushi. Uliposema yale maneno, aligeuza kichwa akaitazama nyumba. Kisha akaenda."

"Maneno gani?"

"Unayakumbuka."

Niliyakumbuka. Nilisimama kwenye mlango wa kijani wa baba nikapaza sauti: "Ondoka. Hapa kwetu hakuna anayekutaka. Ulishaambiwa usikanyage, na ukirudi nitakumwagia maji ya moto."

Sikutaja jina. Nilikuwa namwambia ofisa, niliyekuwa nimemfukuza mara moja kabla ya hapo. Lakini mtu aliyeko kona, ambaye hajui kwamba baba amefariki, ambaye ametoka tu kugonga kioo kisichofunguliwa, anasikia sauti ya dada yake mlangoni inasema hakuna anayekutaka. Angedhani anaambiwa nani?

"Mimi ndiye niliyeyaleta," Bwana Mipango alisema. "Ningepita siku nyingine."

"Wewe ulikuja kazini kwako. Mdomo ni wangu."

Akataka kunipeleka kwa pikipiki nikakataa. Nilitaka kutembea nilie njiani, nifike nimemaliza. Nilitembea, nikalia, na nilipofika nilikuwa sijamaliza.

Mama Pacha alikuwa amekaa na mama, maana ndivyo alivyo, ukimtukana asubuhi jioni anakusaidia. Aliponiona uso akachukua ndoo yake akaondoka bila kuuliza.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, shali mabegani. Nje watu walikuwa wanapita, midomo inacheza, mikono inarushwa, na sisi hatusikii chochote. Fundi alijisifu sana siku anaweka vioo hivi: "Vioo viwili hivi, dada, hata tarumbeta ikipita haimwamshi bibi." Nilimpongeza.

"Wamekufunga?" mama aliuliza.

"Hawajanifunga."

"Mbona umelia?"

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, ile siku ulisema Mziwanda amekuja."

"Nilisema. Ukaniambia homa."

"Alikuja kweli. Nimemwona kwenye picha ya ofisi."

Nilidhani atafurahi. Alinitazama tu, kwa subira ileile aliyokuwa nayo tangu nikiwa mtoto nikirudi na hesabu niliyokosea.

"Mimi sikuhitaji picha," akasema. "Nilikuwa hapa."

"Nisamehe, mama."

"Nyanyuka. Magoti yatakuuma na kesho una sare za watu."

Sikunyanyuka. "Alikwambia nini?"

Mama akageukia kioo.

"Sitakudanganya. Sikusikia hata neno. Alianza kukwaruza kwa kucha, kama zamani. Sikusikia. Nilimwona tu mkono. Nikasogea. Akacheka, akaanza kuongea. Aliongea sana, mwanangu, na yule si mtu wa maneno. Mimi naona mdomo tu. Mara anacheka, mara anajifuta macho."

"Na wewe?"

"Nami nikaongea. Nilimwambia baba yake amefariki, apite mlangoni. Nililirudia mpaka koo likaniwaka. Akaweka mkono sikioni kunionyesha hasikii."

Nilikuwa nimeshika ufunguo shingoni kwangu bila kujua, umenikata kiganja.

"Akanionyesha kwa mkono, fungua," mama akaendelea. "Nikavuta, wapi. Nikamtikisia kichwa, hivi." Akatikisa kichwa, kulia na kushoto, taratibu. "Nilikuwa namwambia halifunguki."

Kisha akaniuliza, kama mtu aliyelilalia swali hilo na kuamka nalo kila siku.

"Yeye alielewa nini, unadhani? Mama yake anamtazama, anatikisa kichwa."

Nililaza kichwa mapajani pake nikalia kama mtoto, na yeye ananipapasa nywele, yeye aliyepotelewa ndiye anayenibembeleza mimi.

"Unajua kilichoniuma zaidi?" akasema juu ya kichwa changu. "Yule mtoto."

Nikainua uso. "Mtoto gani?"

"Wa Mziwanda. Hukumwona kwenye picha?"

"Pikipiki ilificha. Mama, mtoto gani?"

"Nilipotikisa kichwa alidhani sitaki kumwona yeye. Akainama, akamnyanyua binti mdogo, akamsimamisha hapo nje kwenye ukingo wa dirisha. Kama anasema, basi mtazame huyu. Ana pengo la meno mbele, na macho yaleyale ya baba yako. Akaweka vidole vyake vyote kwenye kioo, nami nikaweka vyangu. Ndipo nikaanza kupiga kioo na kukuita."

Furushi alilokumbatia kifuani.

Na vile vidole. Nilipanda kigoda kuvifikia. Pacha wa jirani hawafiki hata kwenye ukingo, nilipaswa kulijua hilo, na mama yao aliniambia wako shuleni. Nilivifuta mwenyewe, kwa sabuni na kitambaa safi, kimoja kimoja, huku nasonya.

"Fungua dirisha," mama akasema.

"Daktari alisema vumbi..."

"Fungua."

Nikavua ufunguo shingoni. Dirisha likateleza bila hata kulia. Barabara yote ikaingia ndani kwa pamoja: honi, watoto, mtu anayeuza maji, na lile vumbi jekundu la jioni. Mama akafumba macho akasikiliza. Uso wake ulilainika, sijauona hivyo tangu mbao zitoke.

Kisha akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kile cha zamani, kinachoanzia chini kabisa. Nikanyoosha mkono nifunge. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Liache wazi."

"Mama, leo tu. Seremala nitamwita kesho, atengeneze mbao, tuweke na kioo cha ndani. Mziwanda atarudi, na tutamsikia."

"Na akipita leo? Akipita wakati seremala bado anapiga randa? Nimtikisie kichwa tena?"

Akakohoa mpaka akajikunja. Nilimwekea leso mdomoni, na ilipotoka ilikuwa na damu. Hajawahi kutoa damu. Aliitazama, akaikunja akaificha ndani ya kiganja, kama alivyokuwa anaficha chakula cha Mziwanda baba asikione.

"Usiguse dirisha," akasema.

Vumbi linaingia. Nikilifunga, mama atapumua, na mwanawe akirudi atakuta kioo. Nikiliacha, atamsikia akikwaruza, kama bado yupo wa kusikia.

Ufunguo uko mkononi mwangu, nami nimesimama.